Kuzikana kwanza, mgomo baadaye: vyama vya madereva wa treni za mvuke Marekani

Wanafunzi wangu wa historia ya kazi hudhani kila chama cha wafanyakazi kimezaliwa kwenye mgomo. Hapo huwapeleka Marekani ya karne ya 19, kwa madereva wa treni na wachochea moto wao, wakaone chama kilichozaliwa msibani.

Kwenye kichwa cha treni walikuwa wawili. Dereva alikaa kulia, mkono kwenye wenzo wa mvuke, macho njiani. Mchochea moto alilisha tanuru kwa beleshi, tani kwa tani za makaa, huku akichungulia kipimo cha maji. Maji yakipungua hadi bati la juu ya tanuru likabaki kavu, bati lile hulainika kwa joto na boila hulipuka. Hapo hakuna wa kuruka kwa wakati. Wengi walianza ujana wao wakifuta masizi karakanani, wakapanda kuwa wachochea moto, na baada ya miaka ya kusubiri ndipo wakakabidhiwa treni. Malipo yalihesabiwa kwa safari au kwa maili. Treni ikisimamishwa njia ya pembeni usiku kucha kupisha nyingine, mara nyingi saa zile zilikuwa sadaka kwa kampuni. Sheria ya nchi nzima ya kuzuia kazi isiyo na mwisho ilikuja mwaka 1907, nayo iliruhusu saa 16 mfululizo! Siku ya kazi ya saa nane tu ilisubiri sheria ya Adamson ya 1916.

Na watu walikufa. Takwimu za serikali za 1889 zinaonyesha karibu wafanyakazi 2,000 wa reli waliuawa kazini na zaidi ya 20,000 kujeruhiwa katika mwaka mmoja. Hao ni wa kada zote, na walioumia sana walikuwa washika breki waliotembea juu ya paa za mabehewa na wale waliounganisha mabehewa kwa mikono. Lakini kampuni za bima ziliwaogopa hata watu wa kichwa cha treni: ama ziliwakataa, ama ziliwatoza ada wasizoziweza.

Basi wakafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu aliyewahi kuchangia chama cha kufa na kuzikana atalielewa mara moja. Madereva walianza 1863 huko Michigan, na mwaka uliofuata chama chao kikaitwa Brotherhood of Locomotive Engineers. Mwaka 1867 walikuwa na mfuko wao wa bima. Wachochea moto wakaunda chao Port Jervis, New York, Desemba 1873, wakiongozwa na Joshua Leach, na shabaha kubwa ilikuwa wajane na yatima. Kudai mshahara kulikuja nyuma.

Kwa maoni yangu, mfuko huu ndio ufunguo wa mambo yote yaliyofuata. Ulimfanya mwanachama asitoke, maana akitoka anapoteza haki ya familia yake. Wakati huohuo uliwafanya viongozi kuwa waoga. P. M. Arthur, aliyewaongoza madereva tangu 1874 hadi kifo chake 1903, alijulikana kwa kuukwepa mgomo kila alipoweza. Kiongozi anayelinda fedha za wajane hachezi nazo kamari.

Mgomo wa Burlington ukawaumbua. Februari 1888 madereva na wachochea moto wa reli ya Chicago, Burlington na Quincy waliacha kazi. Walitaka walipwe kwa maili, na ule utaratibu wa kumlipa dereva mpya kidogo kwa kazi ileile ufutwe. Miongoni mwa walioingia kuchukua nafasi zao walikuwamo watu wa Knights of Labor, chama cha wafanyakazi wa kada mbalimbali, waliokuwa na kinyongo: katika mgomo wao wa reli ya Reading, madereva wa chama cha Arthur walikuwa wameziba nafasi zao. Kila chama kilikuwa na maiti wake wa kuzika, cha jirani hakikuwahusu. Mapema 1889 mgomo ukaisha kwa kushindwa.

Eugene Debs, kijana wa Terre Haute aliyewahi kuchochea moto mwenyewe na kuwa katibu na mweka hazina wa chama cha wachochea moto, aliona kasoro hiyo. Mwaka 1893 akaanzisha American Railway Union, chama kimoja cha kada zote za reli. Lakini mkutano wa 1894 ulipiga kura 112 kwa 100 kuwakataa watu weusi.

Vyama vya zamani navyo vilikuwa vya wazungu tu, ingawa kusini mwa Marekani wachochea moto weusi walikuwa wengi. Beleshi walipewa, udereva walinyimwa. Mwaka 1941 chama cha wachochea moto kiliwekeana mkataba na kampuni za reli wa kuwapunguza. Bester William Steele, mchochea moto mweusi wa Alabama, akaondolewa kwenye treni za abiria, nafasi yake ikaenda kwa wazungu waliomkuta kazini. Kisheria, chama kilichomfanyia hivyo ndicho kilichokuwa msemaji wake mbele ya mwajiri. Alishtaki, akitetewa na wakili Charles Hamilton Houston, na Desemba 1944 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba chama lazima kiwawakilishe wote bila ubaguzi. Kumpokea Steele kuwa mwanachama, mahakama haikukilazimisha.