Mbia wa duka la kijani apimwe kwa nini?

Kazi yangu ni kuandaa mikataba ya ubia wa biashara ndogo. Wanaotaka kufungua duka la bidhaa zisizoharibu mazingira huniuliza karibu wote: mwenye mtaji nitampata wapi? Huyo si adimu kama wanavyodhani. Adimu ni yule mtakayeelewana siku msambazaji atakapoleta sabuni nzuri, bei nafuu, imefungwa kwa plastiki.

Mpime mapema, tena kwa mfano halisi. Chukua vikombe vilivyoandikwa kuwa vinaoza. Vingi ni vya PLA, plastiki itokanayo na wanga au sukari ya mimea. Kiwango cha Ulaya, EN 13432, kinataka kifungashio kioze kwa asilimia 90 ndani ya miezi 6, lakini katika mazingira ya mtambo wa mboji, kwenye joto la nyuzi 58 hivi. Kikombe hichohicho ukikitupa uani, kinaweza kukaa miaka. Sasa muulize mwenzako: tutaviuza? Mmoja atasema tuviweke, mteja ajisomee. Mwingine atasema pasipo na mtambo wa kuvipokea, tunamdanganya mtu. Mimi niko na huyu wa pili, ingawa nimeona maduka yakienda vizuri kwa msimamo wa kwanza. Yanayokwama ni yale ambayo kila mbia ana wake.

Wala usitafute pacha wako. Wapenda mazingira wawili wakikutana, wote hutaka kuchagua bidhaa, daftari halina mwenyewe. Na duka la kujaza tena vyombo faida yake iko kwenye gramu: chombo cha mteja kinapimwa kitupu, uzito unaandikwa, kinajazwa, kinapimwa tena. Ukirukwa uzito wa chombo, ama mteja analipia chupa yake mwenyewe, ama nyie mnagawa sabuni bure. Basi mtafute mtu asiyechoshwa na mizani. Watengenezaji wadogo wa sabuni na watu wanaokusanya taka za kurejelezwa ni pa kuanzia pazuri, maana hesabu hizo wanazijua tayari. Mjaribiane kwanza kwa kibanda cha muda, mtaji mdogo, kabla ya kusaini pango la mwaka.

Kuandikiana hakuepukiki, hata kama mmekua pamoja. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya 1890, ambayo nchi nyingi zilijengea zao, inasema pasipo na makubaliano mengine wabia hugawana faida sawa, hata kama mmoja anafungua duka kila asubuhi na mwenzake anaonekana mwisho wa mwezi tu. Deni nalo ni hivyohivyo: mbia akikopa kwa ajili ya biashara, mdai anaweza kubisha hodi kwako. Ndiyo maana wengine husajili kampuni yenye dhima yenye ukomo, yaani ile ambayo deni la biashara kwa kawaida halifuati mali binafsi ya wenye hisa.

Mambo ya kuvunja ubia wakili yeyote atawakumbusha. Mimi hudai kifungu kimoja zaidi: orodha ya vitu ambavyo duka halitauza, isiyobadilishwa bila saini za wote. Na kama ni nusu kwa nusu, iandikwe pia nani ana neno la mwisho kwenye bidhaa na nani kwenye matumizi, maana kura mbili hazina mshindi.