Python haijui kuwa umeipa CPU mbili

Wiki hii nimeulizwa tena, na safari hii na mtu ninayemheshimu, kuhusu huduma yake ya Python iliyo kwenye Kubernetes (mfumo wa kuendesha kontena; podi ni kifurushi cha kontena): "Kaka, podi nimeipa CPU mbili na RAM gigabaiti nne, modeli yenyewe ni megabaiti 300 tu. Mbona inakufa?" Kabla sijafungua mipangilio yake ya gunicorn (programu inayoendesha huduma za wavuti za Python) nilijua nitakachokikuta. Nikakikuta: `workers = multiprocessing.cpu_count() * 2 + 1`.

Mashine iliyobeba podi ile ina kori 64. Piga hesabu: vibarua 129 (gunicorn huwaita wafanyakazi, lakini kwa jinsi wanavyoanguka na kuletwa wengine, ni vibarua), na kila mmoja anapakia modeli yake. Hawafiki kumi na wanne kabla RAM haijaisha. Kerneli, kiini cha Linux, inaua; Kubernetes inaandika OOMKilled (imeuawa kwa kumaliza RAM), namba ya kutokea 137. Usihangaike kutafuta MemoryError kwenye logi. 137 ni 128 kujumlisha 9, na anayeuawa kwa ishara ya 9 hapewi nafasi ya kuaga.

Imani inayonichosha ni kwamba ukishaandika kikomo cha CPU kwenye YAML (faili la mipangilio ya podi), programu iliyo ndani ya kontena inakiona. Haikioni, iwe ni OKD (Kubernetes iliyoongezewa zana) au Kubernetes tupu. Kontena si mashine ndogo, ni prosesi za kawaida zilizofungwa kamba. `os.cpu_count()` inauliza mashine, mashine inajibu 64. Kamba imeandikwa kwingine: kwenye cgroup v2 (utaratibu wa Linux wa kugawa CPU na RAM), fungua `/sys/fs/cgroup/cpu.max` ukiwa ndani ya podi, utasoma `200000 100000`. Yaani katika kila mikrosekunde laki moja zinazopita, unaruhusiwa kutumia laki mbili za muda wa CPU. Hukukabidhiwa kori mbili. Umepewa mgao.

Hapo ndipo wananikatisha: "Nimepunguza vibarua wakawa wawili, haifi tena, ila inasuasua." Naam! NumPy yako, maktaba ya hesabu ya Python, inatumia OpenBLAS kupiga hesabu za matriki, nayo ikiamka inahesabu kori za mashine na kuzindua nyuzi 64, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba. Zikishika kazi zote kwa pamoja, mgao wako wa milisekunde 200 unaliwa ndani ya milisekunde tatu na ushei, kisha podi nzima inakaa bila CPU kwa takriban milisekunde 97. Ni maji ya zamu: ukifungulia mabomba yote alfajiri, tangi limekauka kabla ya chai. Na grafu ya wastani wa CPU itakuambia mambo ni shwari. Achana nayo, tazama `nr_throttled` kwenye `cpu.stat`, inayohesabu mara ulizozuiwa kwa kumaliza mgao.

Dawa ni fupi. `OMP_NUM_THREADS=1` na `OPENBLAS_NUM_THREADS=1` viwepo kabla ya `import numpy`, si baada. Idadi ya vibarua iandike kwa mkono.

Kinachovuruga watu ni kwamba si kila kitu ni kipofu. Java husoma mgao tangu toleo la 10. joblib, inayobeba `n_jobs=-1` (tumia kori zote) ya scikit-learn, maktaba ya kufundisha modeli, nayo husoma. Mwaka 2024 Python 3.13 ikaleta `os.process_cpu_count()`, watu wakashangilia bila kusoma maelezo: inahesabu kori ambazo prosesi imeruhusiwa kukanyaga, haigusi mgao. Kwenye klasta nyingi bado itakujibu 64. Cha maana zaidi kwenye toleo lile ni `PYTHON_CPU_COUNT`, ambapo namba unaitaja mwenyewe.

Vibarua wangapi basi? Kanuni sina. Naanza na wawili, namimina maombi, napima. Hata kikomo chenyewe cha CPU sijaamua kama kinafaa. Nilikiondoa kwenye huduma mbili nikabakiza `requests` (kiasi unachohakikishiwa) tu, zikatulia. Ya tatu ikawala majirani zake usiku kucha, nikakirudisha asubuhi kimyakimya.

Yule bwana sasa ana vibarua wawili, uzi mmoja kila mmoja. Podi ina siku nne haijaanguka. Jana kanitumia ujumbe: aongeze RAM?