Kabla ya kununua Android box, lifahamu kwanza faili lako la muvi

"Fundi, flashi inasoma, nyimbo zinapiga, ila muvi inatoa sauti tu, picha hakuna. Ninunue nini?" Hilo ndilo swali la kila siku kwenye meza za mafundi pale Mwanjelwa, Mbeya, na muuza duka jirani huwa ameshalijibu kabla fundi hajafungua mdomo: nunua Android box, kile kisanduku cha kuchomeka kwenye TV. Jibu sahihi mara nyingi ni kwamba hununui kitu. TV nyingi za bapa zilizoko majumbani, kuanzia Uyole mpaka Makambako, zinacheza muvi za flashi bila msaada wowote. Kinachogoma ni faili, na faili lina dawa yake. Tuanze hapo, vifaa vitafuata.

Kilichomo ndani ya faili

Herufi za mwisho wa jina, yaani .mp4, .mkv au .avi, ni gunia tu. Ndani ya gunia kuna video, kuna sauti, na pengine kuna maandishi ya tafsiri, na kila kimoja kimebanwa kwa njia yake. Njia hiyo ya kubana ndiyo kodeki. Kwa hiyo mafaili mawili ya .mkv yanaweza kukaa kwenye flashi moja, moja likacheza na jingine likakataa. Mtu akisema "TV yangu haisomi MKV" bado hajaeleza tatizo.

Upande wa video, H.264, iliyotoka mwaka 2003, inachezwa na karibu kila TV ya bapa yenye tundu la USB. H.265, ambayo pia huitwa HEVC na ilitoka mwaka 2013, inabana zaidi: muvi ile ile, kwa ubora unaokaribiana, inachukua takriban nusu ya nafasi. Ndiyo maana wanaopakua kwa bando wanaipenda. Tatizo ni kwamba TV nyingi za inchi 24 na 32 za bei ya chini haziijui kabisa. Dalili yake ni ile ya swali la juu: sauti ipo, skrini nyeusi. TV za 4K kwa kawaida zinaicheza. AV1 ya mwaka 2018 ni changa zaidi, na TV nyingi za miaka ya nyuma zinaikataa.

Kuna mtego mmoja ambao hata wauzaji wazoefu hawaujui: H.264 ya biti 10, yenye ngazi nyingi za rangi kuliko biti 8 ya kawaida. Utaikuta zaidi kwenye katuni za Kijapani. Mtu ana TV nzuri ya 4K, muvi nzito za H.265 zinateleza, halafu katuni ndogo ya MB 300 inatoa picha yenye mabaka ya kijani au haitoi kitu. TV haijaharibika. Chipu za TV hazikutengenezwa kwa aina hiyo.

Upande wa sauti, AAC, MP3 na AC3 hazina usumbufu mkubwa. Msumbufu ni DTS. Samsung waliiondoa kwenye TV zao kuanzia matoleo ya 2018, na LG waliiacha kwenye matoleo ya 2020 hadi 2022. Hapo picha inakuja safi kabisa lakini kimya. Wapo wanaofungua TV na kubadilisha spika kwa sababu hiyo, na spika mpya nazo zinakaa kimya vilevile.

Kulijua faili lako ni kazi ya nusu dakika. Kwenye kompyuta lifungue kwa programu ya VLC, kisha bonyeza Ctrl na J. Dirisha litataja video na sauti kila moja kwa jina lake. Ukiona "hevc" ni H.265, ukiona "A52" usishangae, hiyo ndiyo AC3, ukiona "DTS" umempata mchawi wako. Kwenye simu ya Android, programu ya MediaInfo inaonyesha yote hayo, pamoja na biti 8 au 10.

Kulitibu faili

Kama shida ni sauti pekee, usiguse video. Programu ya bure ya ffmpeg inabadilisha sauti na kuiacha video ilivyo, kwa amri hii:

ffmpeg -i muvi.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a ac3 -b:a 448k muvi2.mkv

Neno "copy" ndilo linalookoa muda: muvi ya saa mbili inamalizika ndani ya dakika chache hata kwenye laptop ya zamani. Amri hii inachukua video ya kwanza na sauti ya kwanza tu. Kama muvi ina lugha mbili na unataka ya pili, andika 0:a:1 badala ya 0:a:0.

Kama shida ni video, tumia HandBrake, chagua "Fast 1080p30", kisha hakikisha kodeki ni H.264. Hapa sasa uvumilivu unahitajika. Laptop ya Core i3 ya zamani inaweza kuchukua muda mrefu kuliko muvi yenyewe, na faili likitoka huwa mara nyingi limenenepa.

Hapo ndipo mstari wangu ulipo. Una muvi nne au tano zinazogoma? Zibadilishe, weka hela mfukoni. Una diski nzima ya H.265, na kila wiki unaongeza nyingine? Sasa kununua kifaa kuna maana.

Flashi nayo ina mambo yake

Flashi iliyopangwa (format) kwa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hata kama ni ya GB 64 na iko tupu. Kompyuta itakwambia faili ni kubwa mno, wewe utadhani flashi imejaa. Ihamishie kwenye NTFS au exFAT. TV nyingi za bei ya chini zinasoma NTFS lakini zinakataa exFAT, kwa hiyo mimi huanza na NTFS. Deki za DVD nyingi na TV za zamani zinataka FAT32 tu. Kupanga upya kunafuta kila kitu, kwa hiyo nakili vilivyomo kwanza.

Flashi zinazoandikwa TB 2 na kuuzwa kwa bei ya sahani ya wali kuku hazina TB 2. Ndani yake kuna GB chache, na programu iliyofundishwa kudanganya. Muvi za mwanzo zinacheza. Zinazofuata zinaonekana kwa jina na ukubwa, ukizifungua ni uchafu. Kwenye Windows, H2testw inaijaza flashi yote kisha inaisoma upya na kukupa ukweli. Iache ifanye kazi usiku.

Kuhusu kasi, usilipie USB 3.0 kwa ajili ya kutazama. Muvi ya 1080p yenye megabiti 8 kwa sekunde inahitaji MB 1 tu kwa sekunde, yaani kama GB 7.2 kwa saa mbili, na USB 2.0 inabeba hiyo bila kutoa jasho. Faida ya 3.0 utaiona wakati wa kunakili: flashi inayoandika MB 5 kwa sekunde itakuweka kibandani dakika 24 kwa muvi hiyo moja.

Diski ya nje ni suala la umeme. Tundu la USB 2.0 linapaswa kutoa miliampia 500, na diski nyingi zinahitaji zaidi zinapoanza kuzunguka. Ukisikia "tik, tik, tik" halafu TV inasema hakuna kifaa, chomoa haraka. Kulazimisha kunaiua diski. Tumia habu ya USB yenye adapta yake.

Vifaa vyenyewe

Deki ya DVD yenye USB bado ina heshima yake kwenye nyumba yenye TV ya kichogo, na kwa muvi za kutafsiriwa za AVI ndogo inatosha. Ila nyingi haziendi zaidi ya kodeki za zamani za DivX na Xvid. MKV ya 1080p sahau.

King'amuzi ulicho nacho kikague kabla hujanunua chochote. Vingi vya antena vina tundu la USB na vinacheza H.264 vizuri. Vingine tundu lake ni la kuboresha programu au kurekodi tu, na hutajua mpaka uchomeke flashi na kutafuta menyu ya midia.

Laptop na waya wa HDMI inacheza kila kitu. Sauti ikibaki kwenye laptop, nenda kwenye alama ya spika chini kulia na uchague jina la TV.

Simu ndiyo inayowadanganya wengi. Kutoa picha kwa waya kwenda HDMI kunahitaji simu yenye uwezo huo kwenye USB-C, na simu nyingi za bei ya kawaida hazina. Usinunue waya bila kuujaribu kwa simu yako mwenyewe. Muvi ulizopakua ndani ya programu kama Netflix nazo zimefungwa kwa ufunguo. Ukizinakili kwenye flashi hazitafunguka popote, na hakuna kifaa cha kulitatua hilo.

Sasa Android box. Achana na maandishi ya kwenye boksi. "8K" na "RAM GB 16" kwenye kidude cha bei poa ni mapambo. Kinachoamua ni chipu. Amlogic S905X na ndugu zake zinacheza H.265 ya biti 10 bila kukwama. Ukitaka na AV1, tafuta S905X4 au S905W2. RAM ya GB 2 inatosha kwa flashi na diski. Programu ya AIDA64 itakuonyesha chipu halisi, ingawa vipo visanduku vilivyochezewa hata taarifa hizo. Mwaka 2023 baadhi ya visanduku vya T95 viligundulika vimekuja na programu haribifu tangu kiwandani, kwa hiyo kisanduku kisicho na jina la kueleweka usikiwekee akaunti yako ya barua pepe. Kwa kutazama muvi za flashi hakihitaji hata intaneti.

Weka programu ya VLC au Kodi ya kuchezea muvi. Sauti ya DTS iliyoshinda TV itatoka, kwa sababu programu yenyewe inaifungua na kuipeleka ikiwa imeshafunguliwa. Ikibaki kimya, kwenye mipangilio ya sauti zima chaguo la kupitisha sauti moja kwa moja (passthrough).

Vijiti vya HDMI ni vizuri kwa intaneti, kwa muvi za flashi havifai. Vingi vina tundu moja dogo, nalo linatumika na chaja. Utahitaji waya wa OTG wa kugawa, wa kuchomeka chaja na flashi kwa pamoja, na hifadhi ya ndani ya GB 8 ikishatoa mfumo inabaki ndogo.

Mwenye TV ya kichogo atafute kisanduku chenye tundu la AV. Picha ikija nyeusi na nyeupe, badilisha NTSC iwe PAL kwenye mipangilio ya kisanduku. Ikiwa sauti inanguruma na picha haipo, mpangilio wa waya wa AV si wa kifaa hicho. Jaribu kubadilishana njano na nyekundu kabla ya kununua mwingine.

Umeme, radi na sola

Kisanduku kipewe adapta yake, kawaida volti 5 na ampia 2. Kukilisha kutoka tundu la USB la TV ndiko kunakokifanya kizime na kuwaka katikati ya muvi. Wa sola wasome kibandiko kwanza: kisanduku cha volti 5 kikiunganishwa moja kwa moja na betri ya volti 12 kinaungua hapo hapo. Weka kipunguza volti cha 12 kwenda 5, cha ampia 3. Betri ya maji ya volti 12, Ah 100, ukiitumia nusu inatoa kama Wh 600: TV ya wati 40 na kisanduku cha wati 8 vitaenda takriban saa 12, wakati TV hiyo hiyo na laptop ya wati 50 haitafika saa 7.

Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, radi za Rungwe na Mbeya mnazijua. Kuzima kwa rimoti hakusaidii. Chomoa plagi na waya wa dishi pia, maana mshtuko unaweza kuingilia kwenye dishi, ukapita king'amuzi na kufika kwenye TV kwa HDMI. Tukuyu, kwa unyevu wa huko, angalieni kutu kwenye matundu. Kyela msiweke kisanduku juu ya king'amuzi, joto likizidi video inaanza kugandaganda.

Dukani

Nenda na flashi yako ya NTFS yenye mafaili matatu: H.264 yenye AAC, H.265 ya biti 10, na moja lenye DTS. Weka pia faili la maandishi ya tafsiri (.srt) lenye jina sawasawa na la muvi, lililohifadhiwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Omba yachezwe dakika kumi kila moja, ruka mbele kwa rimoti mara kadhaa, kisha shika mfuniko wa kisanduku. Uvuguvugu ni sawa. Kikikuunguza mkono na muvi bado iko mwanzoni, kirudishe na uombe kingine.