Kukompaili si kuhama: dhana potofu kuhusu kuhamisha programu za hifadhi iliyosambazwa

Wateja wanaotaka kutoa programu yao ya hifadhi iliyosambazwa (inayotunza data kwenye mashine nyingi kwa pamoja) kwenye Linux na kuipeleka FreeBSD, macOS au Windows huja na maneno yaleyale: "Msimbo umeshakompaili, majaribio yote yamepita, imebaki kazi ndogo tu." Nimeyasikia mno. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha, hukagua majina ya funksheni na aina za data, basi. Programu ya hifadhi ina ahadi moja kubwa kwa anayeitumia: nikikujibu kwamba nimeandika, data yako ipo hata umeme ukikatika sekunde hii. Ahadi hiyo hakuna kompaila inayoikagua.

Dhana: POSIX ni POSIX, fsync ni ileile kila mahali

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, maana wanaoisema mara nyingi ni wahandisi wazuri.

POSIX ni kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, na fsync ni amri ya kuitaka data iandikwe kwenye diski. Linux, FreeBSD na macOS zote zina fsync, kwa jina lilelile na parameta ileile. Lakini kwenye macOS, fsync huifikisha data kwenye diski bila kuiamuru diski imalize kuandika kilichomo kwenye kache yake ya ndani. Mwongozo wa mfumo wenyewe unalisema hili waziwazi na kukuelekeza kwenye amri nyingine, fcntl yenye F_FULLFSYNC, inayoimwaga na kache hiyo. Asiyebadilisha mstari unaoita fsync atapata programu inayokimbia kwa kasi ya kupendeza, na atakuja kunisimulia jinsi diski za mashine mpya zilivyo nzuri. Kasi hiyo imetokana na kazi ambayo haijafanyika.

Kisha kuna swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza: fsync ikishindwa, inakuwaje? Mwaka 2018 jamii ya hifadhidata ya PostgreSQL ililivalia njuga suala hili. Ilionekana kwamba kwenye Linux, uandishi ukigoma, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) hurudisha hitilafu, kisha huziwekea kurasa husika za kumbukumbu alama kwamba ni safi, yaani hazina cha kuandikwa tena. Ukiita fsync mara ya pili unaambiwa mambo ni shwari, ilhali data haijafika kwenye diski. FreeBSD huziacha kurasa hizo zikiwa chafu ili zijaribiwe tena. Jina ni moja, mienendo ni miwili, na kiwango cha POSIX hakikuamua nani yuko sahihi. PostgreSQL waliamua kwamba fsync ikishindwa, seva ijiangushe na kujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu zake za uandishi. Nami nasisitiza hivyohivyo kwa kila mfumo endeshi: usijaribu tena. Ua mchakato, rejesha kutoka kwenye jarida au kwenye nakala nyingine.

Hapo ndipo ninapojibiwa, "Lakini tuna nakala tatu." Nakala tatu zikiwa kwenye chumba kimoja hupoteza umeme kwa pamoja. Tena, itifaki za makubaliano, zinazozifanya mashine zikubaliane kuhusu data, zimejengwa juu ya fsync ya kweli. Katika Raft, mojawapo ya itifaki hizo, nodi (mashine moja katika klasta, yaani kundi la mashine) lazima iandike muhula wa sasa, yaani kipindi cha uongozi, na kura yake mahali pa kudumu kabla ya kujibu. Nodi iliyojibu, ikazimika, ikaamka imesahau kura yake, inaweza kupiga kura ya pili katika muhula uleule. Mkipata viongozi wawili kwa muhula mmoja, nakala zenu tatu hazina tena ukweli mmoja wa kuulinda.

Majaribio yaliyopita hayakugusa lolote kati ya haya, kwa sababu hayazimi umeme na hayaharibu diski. Linux ina dm-flakey ya kuigiza diski inayogoma. FreeBSD ina gnop, ambayo unaipangia uwezekano wa kushindwa kusoma au kuandika. Zitumieni. Halafu chomoeni waya wa umeme ukutani huku klasta inaandika, na mlinganishe kila jibu la "nimeandika" na kilichopo baada ya kuwasha. Mtu akiniambia amehama bila kufanya hivyo, kwangu bado hajahama.

Dhana: namba za hitilafu ni zilezile

Kwenye Linux, EAGAIN (jaribu tena) ni 11 na EDEADLK (kufuli zimekwamana) ni 35. Kwenye FreeBSD ni kinyume chake: EAGAIN ni 35, EDEADLK ni 11. Namba 61, ambayo Linux huitumia kwa ENODATA (hakuna data), kwa FreeBSD ni ECONNREFUSED (muunganisho umekataliwa). Ndani ya mashine moja hili halina madhara, kwa kuwa msimbo hutumia majina. Madhara huanza klasta inapochanganya mifumo na nodi kutumiana namba ghafi kwenye mtandao. Nodi ya FreeBSD inasema "jaribu tena baadaye", ya Linux inasikia kwamba kufuli zimekwamana. Wekeni orodha yenu ya namba za hitilafu kwenye itifaki, na mtafsiri mpakani. Fanyeni hivyo hata kama leo mna mfumo mmoja tu.

Dhana: imeandikwa kwa Java, itatembea popote

Muulize aliyewahi kuwasha Hadoop, mfumo wa data ulioandikwa kwa Java, kwenye Windows bila programu saidizi ya winutils.exe. Ruhusa za faili, viungo na maktaba asilia vyote viko nje ya Java.

Dhana: tuiweke kwenye kontena, yaishe

Kontena za Linux, vifurushi vya programu vinavyotegemea kerneli ya Linux, kwenye macOS na Windows huendeshwa ndani ya mashine pepe ya Linux. Hamjahamisha chochote, mmeongeza diski pepe kati ya fsync na diski halisi, na sasa mnapaswa kuthibitisha kwamba tabaka hilo nalo linapitisha amri ya kumwaga kache.

Dhana: diski ghafi ni diski ghafi

Baadhi ya programu huandika moja kwa moja kwenye diski ghafi, bila mfumo wa faili. FreeBSD iliacha vifaa vya bloku (vinavyopitia kache ya kerneli) zamani; diski huonekana kama vifaa vya herufi (visivyo na kache hiyo). Msimbo unaouliza S_ISBLK, yaani kama hiki ni kifaa cha bloku, utaikataa diski nzima yenye afya, na usomaji usiolingana na ukubwa wa sekta (kipande kidogo kabisa cha diski) utarudishiwa hitilafu.

Dhana: kufuta faili ni kufuta faili

Kwenye Unix unaweza kufuta faili ambayo mchakato mwingine bado umeifungua. Windows kwa kawaida hukataa, isipokuwa kila aliyeifungua aliruhusu kwa FILE_SHARE_DELETE. Injini nyingi za hifadhi husafisha faili za zamani huku wasomaji wakiwa bado wamezishika, kwa hiyo anzeni ukaguzi wenu kwenye msimbo huo wa usafishaji.