Nywila ya seva hairejeshwi, huwekwa upya

Kuweka upya nywila ya seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, ni kufuta au kupita nywila iliyohifadhiwa ndani ya mtambo wenyewe, kwa kuwa hakuna anayeikumbuka, na kuweka nyingine mahali pake. Fasili inaishia hapo. Kinachonisukuma kuandika ni neno "kurejesha", ambalo nimelisikia tena juzi, fundi akiombwa "arejeshe nywila" kana kwamba angeichomoa kwenye mashine ikiwa nzima na kuikabidhi kwa mwenyewe.

Kurejesha ni kukifanya kitu kirejee, na shina lake, rejea, lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kurudi. Ndiyo maana malipo ya mkopo tunayaita marejesho: fedha zilitoka kwa mkopeshaji, na sasa zinarudi kwake. Nywila ya seva haikwenda popote. Ipo palepale ilipowekwa, na kilichotoweka ni kumbukumbu ya mtu aliyeichagua. Neno "upya", lenye mzizi -pya, halimwahidi mtu cha zamani. Linamwambia kwamba anaanza na kingine.

Mitambo yenyewe inathibitisha hilo. Kwenye seva nyingi za Dell PowerEdge, ubao mama una jampa iliyoandikiwa PWRD_EN. Fundi huzima seva, huchomoa nyaya za umeme, hufungua mfuniko, huhamisha kipande hicho kidogo cha plastiki kutoka jozi moja ya pini hadi nyingine, kisha huunganisha umeme na kuwasha. Nywila ya BIOS, programu ya msingi inayoanza seva inapowashwa, hufutika seva inapowaka jampa ikiwa katika nafasi hiyo, si wakati wa kuihamisha, na wapo wanaoirudisha kabla ya kuwasha kisha wakashangaa kuulizwa nywila ileile. Kwenye HPE ProLiant nyingi, swichi ya kwanza katika safu ya swichi za matengenezo haifuti chochote: hulegeza ulinzi wa iLO, chipu ya usimamizi wa mbali, ili msimamizi aingie na kuweka nywila nyingine. Katika njia zote mbili, hakuna anayeiona nywila ya zamani.

Kuna pia wanaotaka jampa itumike kwa nywila ya Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi. Hiyo hukaa kwenye diski, tena kwa umbo lililofumbwa, na jampa haiigusi.

Basi anayeandika ombi kwa fundi aandike "kuweka upya", na ataje kama ni nywila ya BIOS, ya iLO au ya mfumo endeshi, maana ni tatu tofauti. Akitaka hasa kurejesha, apekue daftari lake la zamani kabla ya mfuniko wa seva kufunguliwa, kwa kuwa huko neno hilo lingali na kazi.