Kisigino cha buti ya kauboi hakikuwekwa ili uonekane mrefu

Nilinunua buti za kauboi pale soko la Gikomba, Nairobi, za kahawia, soli imelika upande mmoja, nikampelekea fundi wangu wa viatu. Alipobandua soli tukakuta pale pembamba mbele ya kisigino hakuna misumari, kuna safu mbili za vijiti vidogo vya mbao vimepigiliwa vimekaa kama meno ya kitana. Fundi akasema aliyetengeneza hizi misumari ilimwishia. Mimi nazipenda hizi buti miaka mingi na nikaona hapo hapo kuna mambo lazima niyaandike, maana hapa Kenya sisi wapenzi wa muziki wa country tunazivaa kila shoo lakini mengi tunayoambizana kuhusu hizi buti si kweli.

Tuanze na hivyo vijiti. Watu wakiona mbao wanadhani ni ufundi wa bei rahisi, kumbe ni kinyume chake kabisa. Mbao na ngozi zote zikilowa zinavimba, zikikauka zinanywea pamoja, kwa hiyo kijiti kinabaki kimeshika. Msumari wa chuma hauvimbi, unashika kutu, tundu linalegea, na siku moja soli inaanza kupiga makofi ukitembea. Mafundi wazuri wa Texas mpaka leo wanapigilia vijiti vya mbao sehemu hiyo. Na katikati ya matabaka ya ngozi kuna kipande cha chuma kinachobeba wayo, kwa sababu mpanda farasi anakanyaga kile kikuku cha kuwekea mguu siku nzima na uzito wote unaangukia pale pale.

Sasa kisigino. Kila mtu anakwambia ni cha kuongeza urefu, au ni fasheni ya wanaume wafupi. Hapana. Kikubwa anachoogopa mtu wa farasi ni aanguke halafu mguu ubaki umenasa kwenye kikuku, farasi ashtuke akimbie, amburure kwenye mawe mpaka afe. Wengi walikufa hivyo. Kisigino kirefu kinazuia mguu usipenye ukapita upande wa pili, yaani kinagota. Soli ni ya ngozi laini isiyo na meno, mguu uchomoke haraka. Na buti haina kamba, shingo yake ni pana, ili ikitokea umenasa kabisa mguu utoke buti ibaki huko juu na wewe ubaki chini mzima. Ukishaelewa hilo utaona ni kiatu kilichotengenezwa kitoke mguuni ghafla. Ndiyo maana nilimkatalia fundi aliponiambia tuweke soli ya raba yenye vidato vizito kama buti za jeshi. Kwa kutembea mjini inafaa sana, sina ugomvi na anayeweka, ila ukipanda farasi nayo umejitafutia balaa.

Kisigino kina kazi ya pili pia, ukimtupia ndama kamba ukiwa umeshuka farasini unakikita ardhini usivutwe.

Ncha iliyochongoka hiyo nayo wanasema iko tangu zamani ili mguu uingie upesi kwenye kikuku. Angalia picha za makauboi wa miaka ya 1870 na 1880, ncha nyingi ni za duara au za mraba. Zile ndefu zilizochongoka zilishika sana miaka ya 1940 na 1950. Ni nzuri, mimi ninazo, lakini ni mtindo uliokuja baadaye. Hata yale marembo ya rangi rangi, maua na nyota na tai, mengi yalipata nguvu wakati wa sinema za Hollywood. Ila mishono ya shingoni usiidharau, ile mistari mingi inakaza ngozi isimame isije ikajikunja kwenye kifundo cha mguu.

Kuna na hii ya kwamba ni kitu cha Kimarekani mwanzo mwisho. Ule ufugaji wa ng'ombe kwa farasi na kamba ulitoka kwa wachungaji wa Mexico, vaquero, ambao waliupata kwa Wahispania, hata neno rodeo, yale mashindano ya makauboi, ni la Kihispania. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, kuanzia 1867, ng'ombe walikuwa wanaswagwa kutoka Texas mpaka kwenye reli ya Abilene, Kansas, na hapo ndipo haja ya buti ya kazi ikawa kubwa. H. J. Justin alifungua duka lake Spanish Fort, Texas, 1879, karibu na njia hiyo ya ng'ombe, anampima mtu mguu akienda kaskazini, akirudi anakuta buti tayari. Miaka minne baadaye, 1883, Salvatore Lucchese kutoka Sicily akaanza kushona San Antonio. Kwa hiyo mhamiaji wa Italia, ujuzi wa Mhispania, ngozi ya Texas, vyote viko mguuni mwako. Na wanaosema ni kazi ya wanaume, kampuni ya Justin ilipohamia Fort Worth 1925 binti yake Enid alikataa kuondoka Nocona, mji wa Texas ilikokuwa kampuni, akakopa dola 5,000 akaanzisha kiwanda chake cha buti hapo hapo.

Makauboi wote wazungu? Wanahistoria wengi wanakadiria karibu mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi, achilia mbali Wamexico na wenyeji asilia. Bill Pickett, mzaliwa wa Texas 1870, ndiye aliyeipa rodeo mchezo wa kuruka kutoka kwenye farasi na kumwangusha maksai kwa kumkamata pembe. Inaniuma kwamba posta ya Marekani ilipotaka kumuenzi kwa stempu mwaka 1994 ilichapa picha ya ndugu yake kimakosa, ikabidi wachape nyingine.

Sasa vile vyuma vyenye kigurudumu cha meno vinavyofungwa kisiginoni ili kumgusa farasi aende, kwa Kiingereza spurs, mimi naviita vichokoo. Hapa ndipo maneno yanakuwa mengi, ati ni vya kumtoboa farasi mpaka atoke damu, na kwamba kadiri kile kigurudumu kinavyokuwa kikubwa na meno mengi ndivyo ukatili unavyozidi. Fikiria ukikalia msumari mmoja na ukikalia misumari hamsini iliyobanana. Meno mengi yanagawana uzito. Kigurudumu kikubwa cha meno mengi butu ndicho cha upole, kile kidogo chenye meno machache makali ndicho cha kuogopa. Tena kinazunguka, kinabiringika juu ya manyoya hakikwami. Mpandaji anayejua kazi anaanza kwa shavu la mguu, farasi asipoitika ndipo kichokoo kinagusa kidogo, basi. Hata sheria za PRCA, chama kikubwa cha rodeo Marekani, zinataka meno yawe butu. Simaanishi hakiwezi kuumiza, mkononi mwa mtu mwenye hasira, au tuseme mguuni mwake, kinaumiza vibaya na anayefanya hivyo anastahili kunyang'anywa farasi.

Na ule mlio wa chring chring? Wengi wanadhani ni kigurudumu peke yake, lakini vichokoo vingine vinaning'inizwa vipande viwili vya chuma vinavyogonga kigurudumu kikizunguka, ni kama njuga za mchezaji ngoma. Na ukitazama nyuma ya kisigino cha buti utaona soli imetokeza kidogo kama kirafu, hapo ndipo chuma kinakaa kisiteremke.

La mwisho ni la wanaonunua. Ukivaa mpya kisigino kikapanda na kushuka kidogo usirudishe dukani ukidhani ni kubwa, soli bado ngumu, ikishaanza kukunjika itatulia. Kinachotakiwa kukubana ni mgongo wa mguu, maana buti haina kamba ya kukushika, hapo pakilegea hakuna dawa. Za kwangu fundi alizimaliza juzi, soli ya ngozi, vijiti vipya vya mbao alivyochonga mwenyewe kwa kisu, na kwa kuwa ngozi mpya inateleza vibaya kwenye vigae nimezitembeza kwanza nje kwenye lami mpaka zikakwaruzika.