Upepo unapoyumba katika mbio za mashua ndogo: dhana potofu na ukweli

“Upepo ukiyumba, ushindi ni bahati tu.”

Mara nyingi kuyumba huko kuna utaratibu, ila hauonekani kwa macho. Ingia majini nusu saa kabla ya mbio. Elekeza omo (ncha ya mbele ya mashua) upepo utokako, liache tanga lipepee katikati ya mashua, kisha usome dira. Rudia kila dakika mbili au tatu na uandike namba kwa penseli ya nta pale pale kwenye sitaha. Ukipata 84, 95, 83, 94, upepo unakwenda na kurudi, na wastani wake ni 89. Ukipata 80, 84, 89, 95, huo hauendi na kurudi. Unahamia kulia, na dawa yake ni kuelekea kulia mapema kabla ya wenzako. Anayechanganya hali hizi mbili atapoteza hata kama mashua yake ina kasi kuliko zote.

“Tanga likipepea mbele, geuza bisho papo hapo.”

Kugeuza bisho ni kuvusha omo kwenye upepo ili upepo upige ubavu wa pili. Ushauri huu ni nusu ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaangusha wengi. Unapopanda upepo, yaani unapokwenda kwa mshazari kuelekea utokako, kuna nyakati upepo hukupa, yaani hugeuka ukakuruhusu kuelekeza omo karibu zaidi na boya. Kuna nyakati hukunyima, omo ikasukumwa mbali na boya. Ukinyimwa, kugeuza bisho ni sawa. Tatizo ni kwamba upepo unapopungua nguvu ghafla, dalili huwa zile zile.

Sababu yake ni hii: upepo unaousikia mashuani ni mchanganyiko wa upepo halisi na ule unaotokana na mwendo wa mashua yenyewe. Upepo halisi ukilegea, mashua bado ina kasi yake kwa sekunde kadhaa. Mchanganyiko ule husogea mbele, uzi uliobandikwa kwenye tanga upande wa joshi (upande upepo utokako) huinuka, na ukingo wa mbele wa tanga huanza kupepea. Nahodha mwenye pupa hugeuza bisho. Amepoteza kasi ndogo aliyokuwa nayo, na upepo ukirudi hujikuta kwenye bisho baya.

Kwa hiyo kwanza tazama maji. Yakiwa laini mbele yako, huenda upepo umelegea tu. Shikilia mwelekeo, rudisha uzito wako katikati, legeza demani (kamba ya kukazia tanga) kidogo, hesabu hadi tano. Mwendo ukishapungua, tanga litajaa tena bila wewe kugusa usukani. Likikataa kujaa na dira ikaonyesha umesukumwa nyuzi tano au zaidi kutoka wastani wako, hapo geuza. Mfano: wastani wa upepo ukiwa 90 na mashua yako ikipanda kwa nyuzi 45, bisho la kulia (upepo ukipiga ubavu wa kulia) litasomeka 45 na la kushoto 135. Ukiona 38 kwenye la kulia, umenyimwa. Ukiona 142 kwenye la kushoto, umenyimwa vilevile.

Upepo ukizidi ghafla, mambo hugeuka: utadhani umepewa. Legeza demani kidogo, jitokeze nje kusawazisha mashua, kisha kaza tena taratibu.

“Nenda pembeni kabisa, huko ndiko washindi wanakotokea.”

Hutokea, na ndiyo maana dhana hii haifi. Lakini piga hesabu. Mashua mbili zilizo sawa, zimetengana mita 100 kwa upana, upepo ukigeuka nyuzi 10 tu, moja hupata takriban mita 17 za kupanda. Kwa kuwa mashua hupanda kwa mshazari, hizo ni karibu mita 25 za safari. Kadiri unavyojitenga ndivyo unavyoweka dau kubwa. Ukishafika kwenye mshazari wa mwisho wa kulifikia boya ndiyo basi: upepo ukikupa, umepitiliza na safari ya ziada imepotea bure, ukikunyima, walio ndani wanakupita.

“Mwisho bora wa mstari wa kuanzia unajulikana tangu ishara ya kwanza.”

Ishara hutolewa dakika tano, nne na moja kabla ya kuanza. Katika dakika tano upepo unaweza kugeuka mara mbili. Mstari wa mita 100 uliokuwa sawa, upepo ukigeuka nyuzi 10, mwisho mmoja huwa mbele kwa mita 17. Pima tena baada ya ishara ya dakika nne: simama katikati ya mstari, omo kwenye upepo, na uangalie omo imeegemea mwisho upi.

“Upepo ukikupa, baki hapo hapo, popote uendako.”

Ni kweli wakati wa kupanda. Ukishuka na upepo, kinyume chake: ukinyimwa baki, ukipewa hamishia tanga upande wa pili.

“Aliye bisho la kulia ana haki daima.”

Si wakati anapogeuza. Omo ikishavuka upepo, lazima ajiepushe na wengine hadi afike kwenye mwelekeo wake wa kupanda, hata akimalizia kwenye bisho la kulia. Upepo ukiyumba watu hugeuza kwa wingi karibu na boya, na kosa hili hutokea hapo. Adhabu ya kawaida ni mizunguko miwili kamili. Ukiwa umeligusa boya tu, ni mzunguko mmoja. Jitenge kwanza na wengine, kisha uzunguke bila kuchelewa.